Kikohozi Nilichokimeza Ukweni

Siku niliyomeza kikohozi naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku ya ndoa yangu. Ya ndoa nakumbuka viatu tu, vilikuwa vya kuazima na vilinibana. Lakini kikohozi kile nakisikia mpaka leo hapa kooni, na wiki hii kimenirudia. Si kwamba naumwa. Ni hofu. Redio inasema kuna ugonjwa mpya wa mapafu unatembea, halafu Haika, mjukuu wangu, akapiga simu kutoka Dar kusema anakuja Krismasi. Katikati ya maneno akakohoa. Nikamuuliza kulikoni.

"Babu, usipaniki bwana. Ni mafua ya feni tu."

Mafua ya feni. Nilicheka, kisha nikashindwa kumaliza uji wangu. Maana mimi nami niliwahi kusema hivyo hivyo, ila mimi nilisema ni vumbi la kahawa.

Nilikuwa kijana, nabeba magunia kwenye ghala la kahawa mjini Moshi. Tulilala wanane chumba kimoja, na dirisha tumeliziba kwa gunia kwa sababu ya baridi ya mwezi wa saba. Wenzangu wakaanza kukohoa, mmoja baada ya mwingine, na mimi kifua kikaanza kuwasha. Lakini Jumamosi ile nilitakiwa kupeleka mbege ya posa kwa kina Manka, Masama ya juu. Ndiye bibi yake Haika huyu. Mama yangu alishapika ndizi, alishatia ulezi, pombe imeiva, na mbege ikishaiva ukiichelewesha inachachuka. Ningewaambia nini wakwe, kwamba nakohoa? Nilipofika Kwa Sadala nikanunua ndimu, nikapanda mlima nikizinyonya njia nzima.

Sasa wewe uliyekulia mjini labda hujui. Mbege ya wazee haikuwa ya kila mtu na glasi yake. Kata moja ya kibuyu ilizunguka, na kuomba kikombe chako peke yako ilikuwa kama kuwaambia wenzako unawaona wachafu. Na aliyeileta ndiye aliyeonja kwanza mbele ya wazee, waone haina sumu, ndipo akamkabidhi mkwe kwa mikono miwili. Basi tulikuwa ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya ukungu, watu tumebanana. Nikaonja. Kikohozi kikapanda. Nikakimeza mpaka machozi yakanitoka, na shangazi mmoja akanitania kwamba huyu analia kabla hajaoa, akishaoa itakuwaje. Watu wakacheka. Nami nikampa kata baba yake Manka. Alikunywa vizuri, akafuta ndevu, akasema nimelelewa.

Mwezi haukuisha tukamzika. Kifua kilimbana siku chache tu baada ya posa.

Sijui kama ni mimi, mwanangu. Hakuna aliyepima kitu wakati ule. Alikuwa mzee, na wapo wengine kijijini waliokuwa wanakohoa. Nimejiambia maneno hayo miaka yote na hayajawahi kunitosha. Maana nilionja ili waone kwamba sikuwaletea sumu.

Baada ya matanga nikachuma jani la isale, ule mmea tunaoupanda mipakani na getini, nikalifunga fundo, nikampelekea mama mkwe. Kwetu, mtu akikukosea halafu akakuletea isale, humnyimi msamaha. Nikamweleza yote, ghala, wenzangu, ndimu. Akalipokea lile jani kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Isale nimelipokea, mkwe. Lakini mume wangu hutamrudisha nalo. Siku nyingine ukiwa na kikohozi, simama pale kwenye masale getini, usalimie ukiwa huko huko. Nitakuona una adabu kuliko ulivyoingia."

Mwezi huu nilikwenda zahanati nikamuuliza muuguzi kuhusu huu ugonjwa mpya. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo nilimwomba anieleze polepole. Akaniambia ni kirusi, kidogo hata hakionekani kwa macho, na kwa kuwa ni kipya miili yetu haijawahi kukutana nacho, haijui kukipiga. Kinatoka na pumzi ya mgonjwa, hata akiongea, hata akiimba kanisani. Nikamwambia basi ni kama moshi wa jiko. Akasema ndiyo mzee, umeelewa. Ukifunga mlango unajaa, ukifungua unapungua. Tofauti ni kwamba moshi unauona. Na mtu anaweza kukitoa kabla hajajijua kama anaumwa, hapo ndipo niliposhika kiti.

Nikamuuliza kuhusu vile vidonge vya rangi mbili tunavyonunua dukani. Akasema hizo ni antibiotiki, haziui kirusi. Tangawizi na asali zinalainisha koo tu, na nyungu, kule kujifukiza mvuke, inaweza kukuunguza uso bure. Kumbe hata zile ndimu zangu zilinifaa kudanganya watu tu.

Sasa Haika, nakugeukia wewe: bibi yako Manka kifua chake kimekula moshi miaka hamsini. Akipanda kutoka mgombani hadi jikoni anasimama mara mbili, na nikiwa kibarazani nasikia anavyovuta pumzi. Ndiyo maana naandika haya, na mwingine yeyote aliye na mzazi mlimani naye asome.

Ukikohoa, au mwili ukichemka, usipande basi. Kaa ulipo, fungua madirisha, funika mdomo kwa barakoa ukiwa na watu, kohoa kwenye kiwiko, nawa mikono kwa sabuni. Pumzi ikikatika au kifua kikibana, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uwaambie ulikuwa wapi na nani. Chanjo ikiletwa, muulize muuguzi, usiulize simu. Na mtu asikuaibishe ukiomba kikombe chako. Krismasi itarudi mwakani. Manka sina mwingine.

Na kama kikohozi kitakushika ukiwa tayari njiani, nimeweka benchi pale kwenye masale getini. Nilidhani bibi yako atanicheka, lakini jana alitoka na kikombe cha bluu, akakitundika kwenye mti pembeni ya benchi. Akaniambia, "Hicho ni cha Haika. Mbege yake nitammiminia mimi, nikiwa upande huu." Hajawahi kunitajia baba yake kwa habari ya ile kata, hata siku moja. Jana pia hakumtaja.

Mungu akulindie pumzi yako, mwanangu, na akupe moyo wa kusimama getini panapohitajika. Siku utakayoingia, uingie mzima, utukute wote wawili tumekaa.