Jina la Lowell Nyuma ya Kadi

Verlin Kuhlman alikuwa na sheria moja kuhusu kadi zake za besiboli, zile zenye picha za wachezaji: kadi haifutwi, haisafishwi, haipunguzwi ukingo. Inabaki na uchafu wa mtoto aliyeitoa kwenye pakiti ya chingamu, maana uchafu huo ndio unaotufanya tuipende. Pale mjini Dayton, katika ukumbi wa kanisa tunapokutana wakusanyaji, aliinamisha kadi za watu chini ya taa kuona kama zimeguswa, na aliyevunja sheria hiyo alimfukuza mezani pake. Nilimheshimu kwa hilo.

Kadi aliyoithamini kuliko zote ilikuwa ya mwaka 1956. Nyuma yake kaka yake mkubwa, akiwa bado mtoto, aliandika jina lake kwa penseli: LOWELL. Lowell aliuawa vitani Vietnam. Barua zake zilioza maji yalipojaa chumba cha chini cha nyumba ya mama yao. Likabaki jina hilo tu.

Siku hizi vijana wanataka kadi iliyokaguliwa, ikapewa alama na kufungwa ndani ya plastiki ngumu. Mwezi Machi Emmett Pruitt alileta yake, ya mchezaji yuleyule wa kadi ya Verlin, alama nane kati ya kumi.

"Yako ingepata ngapi, mzee?" akauliza. "Au siku hizi wanasahihisha na mwandiko?"

Meza nzima ikacheka.

"Cheka tu, Emmett. Hayo meno yenyewe ya kununua," Verlin akajibu.

Wakacheka zaidi. Verlin hakucheka. Alirudi nyumbani, akachukua kifutio, akalifuta jina. Kisha akaituma kadi kwa wakaguzi.

Ilirudi bila alama. Kibandiko kilisema imebadilishwa. Yeye aliyewakamata wenzake miaka yote alijua watagundua.

Mkutano uliofuata aliiweka mbele yangu.

"Umeifuta?"

"Nimeifuta."

"Kwa nini, Verlin?"

"Walicheka. Hebu nisogezee haradali." Akaendelea kula soseji yake.

Emmett akasogea, akavua kofia. "Verlin, bwana, nilikuwa nakutania tu."

"Najua."

"Tuinamishe kwenye taa. Huenda bado linasomeka."

Tukainamisha. Niliona karatasi iliyokwaruzwa. Sikuona herufi hata moja. Verlin alikuwa anafuta vidole kwa leso ya karatasi, kimoja kimoja, wala hakutazama.

Lowell hakuacha mwandiko mwingine popote. Mdogo wake aliufuta kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu meza moja ilicheka.