Bango la Kuziba Lango

Meinir Beddoe alishona sidiria katika kiwanda cha Cwmhelyg, huku Welisi, kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa mchoraji wa mabango ya bonde zima. Mgomo wa wachimba makaa, tamasha la kwaya, mkutano wa kumuaga katibu aliyestaafu, vyote vilipita mikononi mwake. Alichapia jikoni, akiburuta rangi kwa kipande cha mpira juu ya kitambaa alichokiwamba kwenye fremu, huku mumewe akila chakula cha jioni amepakata sahani, maana meza imejaa joka jekundu, nembo ya Welisi, linalokauka. Mume hakulalamika. Alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi.

Basi mwaka themanini na mbili, mwezi wa pili, tajiri wa kiwanda akatangaza kwamba anafunga. Vyerehani thelathini na viwili vingepakiwa kwenye lori siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi, vikashone nguo mahali pengine kwa mikono ya bei rahisi. Wanawake arobaini wa kiwandani hawakuhitaji mtu wa kuwafafanulia. Vyerehani vikitoka, kazi imekwisha. Vikibaki, tajiri atalazimika kukaa mezani. Lakini watu arobaini hawazibi lango. Walihitaji mamia kutoka mabonde ya jirani, na wa kuwaita alikuwa Meinir na bango lake.

Siku hiyohiyo akachora. Wanawake watatu wamekunja mikono mbele ya lango, na chini yao herufi kubwa kama sahani: JUMAMOSI, SAA TATU, LANGO LA KIWANDA. Hata aliyesahau miwani nyumbani angelisoma.

Ila huku kwetu bango halitoki mpaka kamati ilipitishe. Kamati ya Mshikamano, ya vyama vyote vya wafanyakazi bondeni, ilikuwa na wajumbe kumi, wanaume tisa na Meinir. Mwenyekiti alikuwa Idwal Treharne wa tawi la wachimba makaa, mtu mwema kabisa, mwenye sauti ya kutikisa vioo vya madirisha na ugonjwa mmoja tu: hawezi kuona karatasi bila kuitakia joka.

"Dada Meinir, hongera. Kazi safi," akasema. "Ila joka letu liko wapi?"

"Joka halishoni sidiria, Ndugu Mwenyekiti."

Kamati ikaangua kicheko. Idwal mwenyewe alicheka mpaka akakohoa, akajifuta machozi, kisha akapitisha joka.

Joka likaingia, kubwa, jekundu, na wanawake watatu wakabaki wawili. Mjumbe wa reli akauliza kama reli ni watoto wa kambo, mbona nembo yao haipo. Ikawekwa. Wauguzi nao wakadai ya kwao, na walimu, na wazimamoto, na zote zikapimwa kwa rula zisizidiane hata unywele. Taa ya mchimba makaa ikapita bila mjadala, ikala nafasi ya mwanamke wa pili. Hapo Elfed Gethin, katibu, akasimama na kusema kwa uchungu kwamba lugha ya mababu haiwezi kukaa chini ya Kiingereza kwenye bango la Wawelisi. Idwal hajui Kiwelisi zaidi ya wimbo wa taifa, lakini akilisikia neno "mababu" hulia palepale. Akalia. Kaulimbiu ya "Umoja ni Nguvu" ikaandikwa mara mbili, kwa lugha mbili, herufi za kimo kimoja, pale palipokuwa na siku, saa na mahali.

Sasa yule mwanamke mmoja aliyebaki akaonekana anasumbua. "Tuweke mikono miwili iliyoshikana," akashauri wa reli. "Mikono ni watu wote." Ikachorwa mikono miwili minene yenye misuli na vinyweleo. Kati ya wale wanawake arobaini sijamjua hata mmoja mwenye mikono ya namna ile, na ninawajua wote.

"Na saa?" Meinir akauliza. "Na mahali? Mmenijazia karatasi yote."

"Dada yangu," akasema Idwal, "nani asiyejua maandamano yetu huanzia wapi? Ukumbi wa Wafanyakazi, saa nne. Tangu enzi za babu yangu."

"Haya si maandamano, ndugu zangu! Tunaziba lango. Lango liko maili mbili chini ya bonde, na lori linakuja saa tatu!"

"Watu wataambiana," akasema Elfed.

"Wa hapa wataambiana. Wa mabonde mengine je?"

Idwal akatazama saa yake. "Wanaounga mkono bango kama lilivyorekebishwa?"

Kuna jambo moja mgeni asingelielewa. Huku mnaweza kubishana mpaka chai ipoe na vikeki vya zabibu viishe, ila kura ikiitwa, mikono yote juu. Kumpinga mwenzako hadharani ni kumsaidia tajiri; tunafundishwa hivyo tungali tunanyonya. Mikono tisa ikapanda. Wa kumi ukapanda pia, polepole, na Meinir aliuona mkono wake ukipanda akajichukia.

Akachapa mabango mia mbili. Loh, yalipendwa! Mwenye bucha aliliwekea la kwake fremu. Mchungaji aliomba mawili. Mabonde ya jirani yaliyabandika kila dirisha, na watu wakasimama kuyatazama wakisema hili ndilo bango. Hakuna aliyeuliza ni la lini, maana kila mtu alijua Jumamosi ndiyo siku ya maandamano, na maandamano ni Ukumbini.

Jumamosi saa tatu, wanawake arobaini walikaa chini mbele ya lango, kwenye baridi, wameshikana viwiko. Nesta, aliyeshonea cherehani cha pili kutoka cha Meinir, akachungulia barabara.

"Mbona hawaji, mama?"

"Watakuja," akasema Meinir.

Polisi wakawanyanyua mmoja mmoja na kuwaweka kando, kwa adabu kabisa, na lori likaingia, likapakia, likatoka.

Kutoka kiwandani barabara ni moja tu, nayo inapita mbele ya Ukumbi. Pale walijaa watu mia sita. Bendi ilikuwa ikipuliza, Idwal yuko jukwaani akiwasubiri waliochelewa. Lori likapanda mlima taratibu, vyerehani vimefunikwa turubai, na kwenye kioo cha mbele dereva, mtoto wa bonde la pili, amebandika bango. Alilipenda joka. Wasimamizi wa maandamano walipoliona wakawasogeza watu: "Mpisheni, ni mwenzetu huyo!" Mia sita wakapisha. Wengine wakapiga makofi.

Jumatatu kamati ikakutana. Hoja ya kwanza ilikuwa kumlaani tajiri, ikapita kwa kura zote. Ya pili, kuwalaani polisi, nayo kwa kura zote. Ya tatu ilikuwa kuipongeza kamati kwa mafanikio ya bango na kuagiza mengine mia mbili, kwani hata Cardiff, mji mkuu, wanayaulizia.

"Wanaounga mkono? Asanteni. Wanaopinga, hakuna." Idwal alikuwa ameshafungua ukurasa mwingine.

"Yupo," akasema Meinir.

Wote wakageuka. Mkono wake ulikuwa juu.

"Dada, labda hukuielewa hoja."

"Nimeielewa, Idwal. Hata ile ya bango, kikao kilichopita, niliielewa. Nilijua hawatakuja langoni. Nilijua, nikanyoosha mkono, ili nisiwaudhi nyinyi."

Elfed alifunua kitabu cha kumbukumbu mbele na nyuma, akitafuta kura ya kupinga ilivyowahi kuandikwa.

"Huwa tunaandika wapi wanaopinga?" akauliza kwa sauti ndogo.

Idwal akakivuta kitabu kwake, akaanza kukifunua upya.