Chokaa Iliyorudi Kuwa Jiwe

Alhamisi, Mfungo Nne. Mawingu tangu alfajiri, mvua hakuna.

Leo mume wangu alianza kupiga lipu chumba cha binti yetu, anayeolewa Jumapili. Chokaa tuliichoma wenyewe kwa mawe ya pwani, tukaizima kwa maji, ikakaa wazi uani tangu mwezi uliopita. Kila alipoipaka, ilibanduka kama unga.

“Mama Bi Harusi, si nilikwambia uifunike?”

“Ulisema niifunike mvua ikija. Haikuja.”

Nadhani alisema hivyo, ingawa huenda sikumsikiliza mpaka mwisho.

Binti, aliyesoma skuli kuliko sisi, akasema kosa si mvua. Moto uliifukuza hewa ya ukaa kwenye mawe, na chokaa ikaivuta tena ikiwa uani, ikarudi kuwa jiwe kabla ya kufika ukutani.

“Basi liambie jiwe lako likuoze,” akajibu babake.

Sijui kama nimeyaandika sawasawa maelezo ya binti. Tulipofukua katikati ya fungu tulikuta chokaa laini, ya kutosha ukuta mmoja. Tukaupiga unaotazama mlango, watakaouona wageni, nyingine tukazikandika udongo.

Jioni tulipikia vigogo vilivyobaki kwenye tanuu la chokaa, tukala muhogo wa nazi na dagaa.