Usingizi wa Muthara

Kuna siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na ilianzia mbali sana na hapa. Tuliondoka magharibi ya Kanada jioni, mimi na Nkatha. Tukabadilisha ndege mara mbili, tukala chakula cha asubuhi usiku na cha usiku asubuhi. Tulipotua Nairobi nisingeweza kukuambia kama ilikuwa Jumanne ama Jumatano. Nilikuwa kijana bado, mikono imekomazwa na kazi ya kupanga mizigo ghalani, na barabara nilikuwa naiota. Tulikuwa tumepanga safari ndefu ya gari: Embu, Meru, Isiolo, Marsabit, Moyale, kisha Ethiopia, tuone ni nani atakayechoka kwanza, sisi au matairi.

Lakini kwanza ilibidi tupitie Muthara, kwa kina Nkatha.

Mimi ni mtu wa Mbeere, huko chini Embu kwenye joto, mbuzi na muguka. Nkatha ni wa Tigania. Tulikutana ugenini, tukaoana ofisini, mashahidi wakiwa wenzetu wa kazini. Baba yake, Mzee M'Itonga, alipopigiwa simu kuambiwa habari hizo, alijibu, "Mimi sijaona kitu cha kufungua," akakata. Tangu siku hiyo hakuzungumza tena na binti yake. Nkatha alikuwa akipiga simu, mama yake anapokea, na kwa nyuma unasikia kikohozi cha mzee akitoka nje.

Kitu hicho cha kufungua ni nchoolo, kifurushi cha miraa iliyochaguliwa vizuri, ikafungwa kwa majani ya mgomba. Huko Meru ndiyo posa yenyewe. Kinawekwa mbele ya baba wa msichana. Akikifungua na kutafuna, amekubali. Akikiacha kama kilivyo, rudini nyumbani. Kwetu Mbeere muguka ni majani ya kutia mfukoni na kutafuna ukichunga mbuzi, kwa hiyo nilikuwa sijui heshima hiyo. Nilidhani ni kupeleka mzigo na kushukuru.

Tulifikia kwa shangazi yangu Igoki, mtaa wa Majimbo mjini Embu. Hapo ndipo nilipoanza kuujua ule ugonjwa wa ndege ambao watu hucheka wakisimuliwa. Wakati Embu ni mchana, kule tulikotoka ni usiku wa manane, na mwili hauna habari kwamba umehamishwa. Ni jambo la ajabu kulitazama. Mchana nilikuwa nasinzia na kijiko mdomoni. Kukizama jua, macho yanafunguka kama ya bundi na tumbo linadai nyama. Maneno nayo yalinitoka bila mpangilio, Kimbeere, Kiingereza na Kiswahili katika sentensi moja. Nkatha alisimama mlangoni akauliza kwa nini kumepambazuka upande usiofaa. Ilikuwa jioni.

"Kaeni hapa siku tatu nne," shangazi akatuambia. "Mtu hapeleki posa akiwa analala wima."

"Mimi nimezoea, shangazi."

Mume wake, Mzee Nyaga, ambaye ndiye angekuwa msemaji wangu ukweni, akacheka hadi akashika mbavu. "Umezoea nini wewe? Si asubuhi umetia chumvi kwenye chai ukainywa na ukasema asante?"

Sikusikia. Unajua ujana, mwanangu. Masikio yapo, lakini yanakuwa ya kubebea miwani tu. Kesho yake tukashika njia, Mzee Nyaga ameketi nyuma na kofia yake ya heshima. Kabla hatujafika Runyenjes nilikuwa naona barabara mbili. Nkatha akaniambia nisogee, akashika usukani yeye. Zile kona zote za kushuka mtoni na kupanda tena, Chuka, Nkubu, hadi Meru mjini, aliziendesha yeye. Mimi nilikuwa nimeegemea kioo, nikizinduka kila daraja na kusema, "Niko macho, niko macho." Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Tulilala Kaaga kwa dada ya mama yake Nkatha, ambaye ndiye aliyetutafutia nchoolo kwa mtu anayeaminika. Siku iliyofuata, jua likiwa juu kabisa, tukaingia Muthara.

Sebule ilikuwa na vitambaa vyeupe kwenye viti, na Mzee M'Itonga ameketi pembeni na fimbo yake. Alikuwa mtu mwembamba, wa maneno machache. Alisalimu, "Muga," akatupa mkono mmoja mmoja. Alipofika kwa Nkatha alimpa mkono pia, lakini akitazama ukuta. Nkatha akaenda jikoni kwa mama yake na sikusikia sauti yake tena. Kando ya mzee alikaa mdogo wake, Kaberia, mtu wa utani. Mzee Nyaga akasimama, akasema maneno ya posa kwa ufasaha, akaweka nchoolo mezani. Mzee akakitazama. Hakukigusa.

Halafu kukawa kimya, na katika kimya hicho usingizi ukanipata.

Sasa kuna mila moja ya huku ambayo hata sisi wa Mbeere tunaijua: mkwe hafumbi macho nyumbani kwa wakwe zake. Hata mvua ikinyesha namna gani, anatafuta pa kulala pengine. Ni aibu kubwa, tena ni mkosi. Nami nilikuwa hapo, shingo inakatika kama ya kuku aliyechinjwa, Mzee Nyaga akinipiga kiwiko.

Kaberia akaniona. "Kaka, huyu mkwe anatuinamia ama anaomba Mungu?"

"Amesafiri," Mzee Nyaga akasema haraka.

"Si atafune kidogo achangamke! Dawa ya usingizi si hiyo hapo mezani?"

"Atafune nini, Kaberia?" mzee akauliza. "Kitu ambacho mwenyewe hajakifungua?"

Fikiria mtihani huo, mwanangu. Dawa iko mbele yangu, siwezi kuigusa kabla mzee hajakubali. Kulala siwezi, maana nikilala hatakubali. Na mzee naye hana haraka. Nikajibana paja hadi likavimba.

Ghafla akaniuliza mimi, si msemaji wangu. "Kijana, kule mlikotoka sasa hivi ni saa ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. "Saa tisa usiku, baba."

Akalifikiria jambo hilo kama mtu aliyepewa tunda asilolijua. "Kwa hiyo umekuja kuniomba binti saa tisa usiku?"

"Wezi ndio wanakujanga saa hiyo," Kaberia akasema, na hata Mzee Nyaga akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilijua yameisha. Jikoni sufuria zilikuwa zimeacha kulia. Nkatha alikuwa anasikiliza.

Mzee akainuka, akashika fimbo. "Njoo."

Nilimfuata nikidhani nafukuzwa. Tukapita zizi, tukapita migomba, tukafika kwenye ua wa michongoma. Akafungua kijigeti cha mbao, tukaingia shamba la jirani. Kulikuwa na banda la kuhifadhia maganda ya maharagwe ya kulisha ng'ombe. Mzee akayapiga kwa fimbo kuona kama kuna nyoka. Kisha akanyoosha fimbo kwenye ule ua.

"Kwangu kunaishia pale. Hapa ni kwa jirani, na jirani hajakuoza mtu. Lala."

Nilitaka kukataa. Nadhani hata nilianza sentensi. Sikumbuki kama niliimaliza.

Nilipoamka, vivuli vilikuwa virefu. Mzee M'Itonga alikuwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, akimfukuza mbuzi aliyekuwa anataka kula mkono wa shati langu. Alikuwa amekaa hapo karibu muda wote. Nikaketi, maganda yamejaa kwenye nywele, nikaanza kuomba msamaha.

"Ngoja," akasema. "Ulipotoka Embu ulijua kwamba umechoka?"

"Nilijua."

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu, baba. Nilitaka unione mwanamume."

Akamfukuza mbuzi tena. "Nilikuwa na kaka wa hivyo. Hakusema anaumwa, mpaka mke wake akamkuta ameanguka kwenye shamba la kahawa. Mimi sitafuti shujaa wa kumpa binti. Shujaa ni mzigo wa mke wake. Nani ameendesha gari kutoka Embu?"

"Nkatha."

"Yeye amelala?"

Siku zote hizo sikuwa nimemuuliza.

"Yuko jikoni, amelala kwenye mapaja ya mama yake," mzee akasema. "Nilichungulia. Yule analala kwangu, ni kwao." Na hapo akageukia upande wa nyumba, kisha akanigeukia tena. "Sasa niambie, ukiwa macho. Unataka nini?"

Nikamwomba binti yake, bila msemaji na bila ufasaha, nikiwa nimekaa kwenye chakula cha ng'ombe. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha tukarudi sebuleni, akatoa kisu mfukoni, akakata kamba ya mgomba. Akatafuna yeye, akampa Kaberia, akampa Mzee Nyaga. Halafu akaita, kwa sauti iliyofika jikoni, "Nkatha! Njoo utusalimie vizuri." Nkatha alikuja na alama ya kanga ya mama yake shavuni, na safari hii baba yake alimtazama usoni.

Tulizunguka, tukafika Ethiopia, tukarudi, tukaishi Kaaga miaka kadhaa nikiuza matairi. Lakini miguu yangu ina wazimu wake. Asubuhi tuliyohama Meru moja kwa moja, lori limejaa vyombo, mzee alikuja hadi barabarani, amezeeka sana, akiegemea bega la Kaberia. Hakunisihi nibaki. Alimwonyesha Nkatha kwa fimbo, akasema tu, "Huko mnakoenda kukikushinda, usimfiche huyu." Akanitemea mate ya baraka kifuani kama wazee wanavyofanya. Sikumwona tena akiwa hai.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayefunga begi leo, sikia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi naongeza kwamba mficha uchovu hafiki. Ukichoka, sema mapema, umwambie yule mliye naye njiani, na kabla hujamaliza kusema umuulize yeye anaendeleaje. Usiende kwa watu kuwaonyesha usivyo. Na mila za watu usizivunje kwa haraka wala usizidharau, maana kila ua una geti lake, na wanaolijua ni wale waliouotesha. Waulize.

Mungu akupe barabara isiyo na matope, mwenzi anayekuamini usukani, na katika kila nchi ya ugeni utakayoikanyaga, akuwekee mtu wa kukulinda ukisinzia. Nenda salama.