Fundi Aliyesema Ombwe Si Tupu

Shemeji yangu anakusanya habari za watu wetu waliotangulia ili wajukuu wazisome. Kuhusu mume wangu ameandika mistari minne, na wa mwisho unasema kwamba alirukwa na akili akawa anahubiri mwisho wa dunia. Nimeukata kwa wino. Ukurasa utakaowekwa ni huu, na ninayeuandika ni mimi niliyeishi naye miaka thelathini na nne.

Alikuwa fundi wa majokofu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, benchi lililoungua kwa moto wa kuchomelea, na pampu ya kuvuta ombwe ambayo aliifuta kila asubuhi kabla hajafuta meza ya chai. Kabla ya kujaza gesi, fundi hutakiwa kunyonya hewa na unyevu wote kwenye mabomba, maana tone moja likibaki huganda kwenye bomba jembamba na jokofu likaziba. Mume wangu aliiacha pampu ifanye kazi saa nzima. Shemeji, mdogo wake aliyeshirikiana naye karakana, aliizima baada ya dakika kumi. Majokofu ya shemeji yalirudi kila baada ya miezi miwili kama wageni waliosahau mwavuli.

Katika saa hiyo ya kusubiri mume wangu alisoma. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, na majarida niliyomaliza niliyapeleka karakana. Siku moja alinisomea habari iliyomkaa moyoni hadi kufa kwake. Wanasayansi wanasema hata ombwe lililo safi kabisa, nafasi iliyonyonywa kila kitu, si tupu. Lina kiwango cha nishati kilichotulia ndani yake. Tunadhani kiwango hicho ndicho cha chini kuliko vyote. Huenda sicho. Huenda ulimwengu mzima umekaa kwenye ngazi ya katikati tukidhani ni sakafu. Mahali pamoja pakiteleza, patazuka kiputo na kutanuka kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na ndani yake hakutakuwa na maji, wala chuma, wala mtu, kwa sababu sheria zinazoshikilia vitu pamoja zitakuwa nyingine. Hatutapata onyo lolote, kwani mwanga wa kutuonya ungefika karibu pamoja nacho.

Sasa, wateja walimuuliza kila siku kwa nini asubiri saa nzima kunyonya kitu kisichoonekana. Mtu akiuliza swali hilo, mume wangu alimjibu lote. Mama muuza soda wa jirani alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama basi anunue friza jipya au asinunue. Mume wangu alimwambia anunue, ila achague lenye mpira mzuri mlangoni. Mama yule alicheka, akaenda kusimulia. Shemeji akasimulia zaidi, bila kicheko, na kwa wateja wote. Hakuwaambia kwamba kaka yake husema pia kuwa jambo lenyewe halina uhakika, na kwamba likiwapo huenda lisitokee kwa muda unaozidi umri wa ulimwengu mara nyingi mno.

Mwishowe shemeji aliitisha kikao sebuleni kwangu, Jumapili saa nne asubuhi, mbele ya ndugu, majirani na shangazi yao aliyewalea wote wawili. Alitaka kaka yake anyang'anywe funguo za karakana, akapumzike. Neno alilotumia ni hilo, kupumzika, kama vile mtu amechoka.

Mume wangu alijiandaa kama fundi, aonyeshe kwa maji jinsi kitu kinavyoweza kutulia mahali pasipo sakafu yake. Maji safi yaliyotulia yanaweza kupoa kupita kiwango cha kuganda yakabaki maji. Ukiyagusa tu, yanageuka barafu mbele ya macho yako. Aliweka chupa nne kwenye friza letu. Shemeji aliwahi kufika, akajifungulia friza kutafuta maji ya baridi, akazisukuma huku na huku. Chupa zilipotolewa, tatu zilikuwa mawe matupu.

"Kaka, hiyo ndiyo sayansi?" akasema. "Hata mtoto anajua friza linagandisha."

Watu walicheka kwenye viti vyangu. Nikaichukua ya nne, iliyokuwa bado maji, nikampelekea shangazi, nikaigonga kwa kidole. Barafu ilishuka kutoka shingoni hadi kwenye kitako kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Shangazi aliigeuza mikononi mwake.

"Na dunia ndivyo ilivyo, mwanangu?" akamuuliza mume wangu.

"Huenda, Shangazi. Na huenda isiwe. Mimi sijui, na wanaojua kuliko mimi hawana hakika."

"Sasa wateja unawaambia ya nini?"

"Wananiuliza kwa nini nasubiri saa nzima."

Shangazi akamgeukia shemeji. "Na wewe unasubiri muda gani?"

Shemeji akasema inategemea. Shangazi akauliza inategemea nini. Akasema foleni ya wateja. Hapo kila aliyekuwa na jokofu lililorudi mara mbili alianza kumtazama, na sebuleni mwangu walikuwa watatu. Shangazi alisimama, akasema mwenye wazimu hangojei saa nzima kwa ajili ya jokofu la mtu mwingine. Funguo zilibaki mfukoni mwa mume wangu zilipokuwa. Shemeji alitoka bila kuaga, na mwezi uliofuata akafungua karakana yake upande wa pili wa barabara.

Mume wangu alifanya kazi miaka mitano baada ya kikao hicho, na mengi ya majokofu aliyotengeneza yalivuka barabara kutoka kwa mdogo wake. Aliyapokea bila neno. Mimi ningesema neno.

Alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Cheti cha daktari ninacho, hakitaji akili popote. Siku mbili kabla, akiwa kitandani hospitalini, alimwambia muuguzi kwamba jokofu la dawa la wodi linawaka na kuzima mara nyingi mno, watazame chujio la vumbi. Walitazama, wakalikuta limeziba.

Shemeji akiwa na la kusahihisha, mlango wangu anaujua. Abishe hodi kwanza, na friza asiliguse.