Mzee Aliyetaka Kulisalimia Jua

Mwalimu wa shule ya misheni namheshimu. Lakini Jumamosi, sokoni hapa Same, nilimwona kwa macho yangu akimsukuma mzee hadi akaanguka.

Mwalimu alikuwa ameielekeza darubini ya Bwana Shauri, yule mkuu wetu wa wilaya, juani. Hakuna aliyechungulia ndani. Mwanga ulipita humo ukaangukia karatasi nyeupe aliyoitega nyuma yake, na jua likaonekana pale, duara lenye madoa meusi. Watu wakainama kuitazama karatasi.

Mzee mmoja aliyeshuka na ndizi kutoka Bombo akakunja uso. "Hii ni adabu gani? Mgeni yupo mlangoni, nanyi mnasalimia kivuli chake?" Akavua kofia, akainama kwa heshima zote, akapeleka jicho kwenye darubini.

Ndipo mwalimu alipomrukia. Mzee chini, kofia kule. Mama mmoja akashika kichwa: "Umempiga baba yako!"

Mwalimu aliokota jani kavu la mgomba, akaliweka pale pale jicho lilipokuwa linakwenda. Likafuka moshi, likatoboka.

Mzee alilitazama lile tundu. Akajipapasa kope polepole, kama anayehakikisha bado ipo. Kisha akamgeukia yule kijana aliyemwangusha, ambaye hata shikamoo hakuwa amempa.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Nyie wasomaji mnaoniandikia hapa gazetini kila wiki kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuamkia wazee, hiyo nayo mtaiitaje?