Utetezi wa Bi Hidaya

Bi Hidaya wa Kinole alitangaza kwenye redio ndogo ya mjini Morogoro miaka kumi na tisa bila mtu kumuuliza cheti, mpaka sheria mpya ikatamka kwamba mwanahabari lazima awe na diploma. Basi akiwa na miaka arobaini na minne akaketi darasani na watoto wa kuwazaa. Somo la sheria ya habari alikwisha kulifeli mara moja. Angeanguka tena kwenye prezentesheni ya siku hiyo, kipaza sauti chake kingekwenda kwa mpwa wa bosi, binti asiyejua hata kutaja saa kwa Kiswahili.

Mada yake ilikuwa kashfa, yaani kumchafulia mtu jina hadharani. Alipofungua kinywa tu, umeme ukakatika, projekta ikazimika na slaidi zote walizomtengenezea kina Baraka, wanakikundi wenzake. Vijana hao wakarudi kuketi kimya kimya, wakamwachia msalaba. Hidaya akakimbilia alichokijua tangu utotoni, yaani utani. Mhadhiri, Dokta Mikaeli, alikuwa Mnyamwezi, na Hidaya Mluguru. Watani hao hutukanana hadi msibani, na hakuna aendaye mahakamani.

"Tuchukue mfano," akasema. "Nikisema mtani wangu Dokta Mikaeli anatufundisha sheria iliyokufa, hiyo ni kashfa?"

Alingoja kicheko. Hakikuja. Watu arobaini waliinamia madaftari yao, na Hidaya akaona aibu hadi masikioni. Alikuwa amesahau kanuni ambayo kwao hata mtoto anaijua: mtani humwita mwizi yule ambaye kila mtu anajua haibi. Hili la sheria iliyokufa lilikuwa kweli tupu. Notisi za Dokta zilikuwa za Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, na sheria ileile iliyomleta Hidaya shule ndiyo iliyoifuta. Darasa zima lilijua, likanyamaza. Mwenye nguvu mpishe, na mwenye kutoa alama mpishe mapema zaidi.

Dokta akavua miwani. "Mama, nikikushtaki utajitetea kwa lipi? Kwa utani?"

Alikuwa anamfungulia mlango, na Hidaya aliuona. Angesema ndiyo, wangecheka wote, angebeba alama zake na kurudi redioni. Lakini alichoka ghafla, akakasirika, tena zaidi na nafsi yake, kwa mwaka mzima wa kunakili maiti ya sheria.

"Kwa ukweli, mwalimu," akasema. "Tena ukweli wenye manufaa kwa umma."

Dokta alizipekua notisi zake taratibu, akazifunga. Akaandika alama, akaigeuza karatasi ili Hidaya aione: thelathini na nane kati ya arobaini. Kisha akaligeukia darasa na kuuliza, kwa upole usio wa kawaida yake, nani angemwazima hiyo sheria mpya hadi Jumatatu.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Hidaya naye hakuwahi kuifungua.